Shangazi na Sindano ya Pili

Katika watu wote wa Kinjumbi wa rika langu, ni mimi peke yangu niliyerudi nyumbani na diploma ya utabibu. Sikusomeshwa na mtu. Nilifua shuka za hospitali Dar es Salaam mpaka nikaruhusiwa kukaa darasani, na katika mtihani wa mwisho niliwashinda wana wa maliwali na wa makarani. Nayasema haya ili ieleweke kwa nini nilichoka upesi na watu wasiotaka kuniambia ukweli.

Waingereza walikuwa wameleta sindano mpya ya vidonda vya buba, penisilini, nyeupe kama maziwa. Vidonda vya miaka vilikauka kwa siku chache, na watu wakaipenda kupita kiasi. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mgonjwa akidhurika na dawa, niandike jina lake, dawa, saa na dalili, nimpelekee daktari wa jimbo kule Lindi. Kwa miezi minane katika zahanati ya kijiji daftari langu lilibaki jeupe. Kila niliyemuuliza alijibu kuwa, alhamdulillahi, haikuwa na neno.

Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa na buba ya nyayo. Alitembea kwa kingo za miguu kama anayekanyaga makaa, na shamba lake la mtama lilikuwa limezidiwa na magugu. Nilimdunga sindano ya kwanza. Alipokuja kwa ya pili, niliona mikwaruzo shingoni, na kope moja ilikuwa bado imevimba. Nikamuuliza. Akasema ni mbu. Nikamwambia mbu gani huyo wa kumkwaruza mtu hivyo. Akasema basi ni buba inatoka. Nilipofungua daftari niandike, aliinuka akaondoka bila kuaga, na wiki nzima kijiji kikaambiwa kwamba mtoto aliyembeba mgongoni anamnyima dawa ya serikali.

Kisha nikasikia kwamba wadungaji wa buba wamefika Somanga, na kwamba shangazi amedandia lori la chumvi alfajiri. Nilipanda baiskeli, na penye mchanga mwingi nikaisukuma.

Nilimkuta kwenye benchi, zamu yake imefika. Aliyeshika sindano alikuwa mganga mzee aliyejifunza kazi wodini kwa kutazama, hana karatasi yoyote. Nikamwambia asimdunge, mwili wake unaikataa dawa hiyo, nami nina diploma. Akasema diploma ameisikia, salamu ndiyo hajaisikia. Halafu akamgeukia shangazi.

"Mama, ile ya kwanza ilikusumbua?"

"Wala."

Watu kwenye mstari wakacheka. Mzee akatia pamba kwenye spiriti.

"Shangazi," nikasema, "akikudunga hii, koo litaziba, ufe hapa hapa mbele yangu. Sema."

"Nikisema utaniandika. Ukiniandika nimefutwa, sipewi hata kidonge. Na miguu hii niipeleke wapi?"

Miezi minane! Nilikuwa nimewaeleza wagonjwa wangu jinsi penisilini inavyotokana na ukungu, jinsi sindano inavyochemshwa, hata hadubini niliwaeleza. Kazi ya daftari sikuwaeleza. Nilidhani mwenye akili yoyote angeelewa. Nikamweleza pale pale, nimejaa vumbi na kwa sauti ya ukali, kwamba anayeshtakiwa katika daftari ni dawa, si mgonjwa. Nikamwambia pia kwamba ipo dawa ya zamani, sindano ya kila wiki, na hiyo nitampa mimi mwenyewe.

Alinitazama kama anayempima mtu anayemuuzia kitambaa.

"Siku ile," akasema, "nilipofika nyumbani tu, mwili ukawasha, midomo ikajaa. Nikashindwa kumeza mate. Nikashika mwimo wa mlango, pumzi inalia kama filimbi. Nikatoa shahada."

Mzee aliirudisha sindano kwenye sinia, kisha akanipa penseli yake, maana yangu ilikuwa imenidondoka njiani. Nikaandika maneno ya shangazi kama alivyoyasema, na chini yake nikaandika asidungwe penisilini tena, popote atakapokwenda.

Shangazi akauliza kama hiyo dawa ya zamani inauma. Nikamwambia inauma sana.

"Afadhali," akasema, akijifunga kanga vizuri. "Ile isiyouma ndiyo iliyotaka kuniua."