Nyota Yenye Kitambi

Kila asubuhi, kabla hajagusa kompyuta, shangazi huzungusha pia ya mbao juu ya meza, akainama kuitazama mpaka ianguke. Ndipo huvua viatu na kuanza kazi. Ofisini wanamwita Mama Pia, naye anaitika.

Alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari hadi aliporudi chuoni akiwa na miaka arobaini. Kazi yake sasa ni kuiga nyota kwa hesabu: anaiambia kompyuta uzito wa nyota na kasi ya kuzunguka kwake, nayo inamweleza itakavyozeeka. Nyota inayozunguka kwa nguvu hujikoroga, gesi ya nje, ambayo ndiyo kuni zake, ikaingia ndani, ikaishi zaidi. Kwa miaka kumi na moja ameshughulika na moja tu, aliyoiita Mpole kwa kuwa ilionekana kama haizunguki. Kitabu chake juu ya Mpole kilikuwa kiende kuchapwa Ijumaa. Mpwa wake, aliyekuja kumsahihishia, alikuwa amefika ukurasa wa mia mbili na tatu simu ilipolia.

"Mama Pia, kaa kwanza," alisema mtaalamu wa darubini, sauti ikijaa chumba kizima. "Nyota yako ina kitambi."

"Wewe naye! Asubuhi yote hii?"

"Haki ya Mungu. Tumeipiga picha. Kumbe imetugeuzia utosi, dada! Ukiitazama kwa juu, huoni ubavu unaokuja wala unaokwenda, unadhani imetulia. Lakini kingo zake zimefifia kuliko utosi: inazunguka kama imepagawa, mpaka imevimba kiunoni."

Shangazi alicheka. Kicheko kikakatika ghafla, simu ikamponyoka. Kutoka kwenye zulia mtu aliendelea kuita, "Haloo? Haloo?"

Mpwa aliiokota simu, akaikata, akamwekea kiganjani.

"Umri," shangazi alinong'ona. "Nimeukosea umri wake. Kila sura, mwanangu. Kila sura!"

Akageukia kompyuta, akaandika kitu kifupi, akakisoma mara mbili, akabonyeza.

Mpwa, ambaye kuuliza maswali kulimtoa jasho siku zote, aliinua kalamu nyekundu.

"Shangazi, niendelee kusahihisha?"

"Hapana. Nimewaandikia wasichape."