Mlio wa Kuanguka Shimoni, Mbele ya Baba Mkwe

Siku familia yetu ilipokwenda kuomba mchumba, mimi nilikuwa na kazi moja tu: kunyamaza. Kwetu muoaji hana mdomo siku ile. Anayesema ni msemaji wake, na wangu alikuwa baba mdogo, aliyetoka Marabo na suti ya kuazima na maneno matamu. Mimi ningekaa, niinamishe kichwa, nipewe mke. Hata mbuzi angeiweza kazi hiyo.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka baba wa mchumba alipoambiwa kwamba natengeneza ordinatere, yaani kompyuta, mjini. Muzee akafurahi. Akasimulia ile ya kwanza aliyoitumia zamani, kwenye ofisi moja huko Nyankunde, iliyokuwa na mchezo wa mtu mdogo anayeruka mashimo. Mtu huyo akitumbukia, akasema, mashine ililia "tii-ti", kama kifaranga.

Jamani, mchezo huo nimeucheza utoto mzima. Nilikuwa bingwa wa mtaa, cheo nilichojipa mwenyewe. Kwenye mashine yetu yule mtu alianguka akipiga ukelele, "waaaa", mpaka chini. Damu ikanichemka. Baba mdogo akanikanyaga mguu. Nikasema hata hivyo.

"Hapana, muzee. Ile mulio haiko vile."

Muzee akaweka glasi chini. Baba mdogo akaomba radhi kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, halafu akamgeukia Mungu. Shangazi wa mchumba akauliza kama kwetu watu hawalelewi, na muzee akasema tunaweza kurudi tulikotoka. Na mimi, mlango umeshaonyeshwa, nilikuwa bado namwigia ule ukelele ili aelewe.

Aliyetuokoa ni dada mkubwa wa mchumba. Alitafuta mchezo ule kwenye simu yake, akapata video ya mtu aliyeucheza kwenye mashine za kila aina, moja baada ya nyingine. Ya kwanza, isiyo na spika ila kidude kidogo ndani ya sanduku: tii-ti. Ya pili: kishindo kama cha gunia. Ya tatu: waaaa. Mtu yuleyule, shimo lilelile, kila mashine na koo lake. Mimi fundi, kidude kile nimekifungua mara ngapi, sikuwahi kuwaza kwamba nacho kiliwahi kuwa sauti ya mtu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Muzee akaomba arudishiwe ile ya kwanza. Akaisikiliza mara tatu, akicheka peke yake. Kisha akatukubali, na akanipiga faini ya mbuzi: si kwa kukosea, ila kwa kufungua kinywa.

Nilirudi nyumbani nikijiona mshindi. Nikampigia mchumba simu kumweleza kwamba kumbe sote wawili, baba yake na mimi, tulisema kweli. Hakucheka. Muda wote ule alikuwa nyuma ya pazia, akingoja kuitwa.

"Nilisikia papa anabafukuza," akasema. "Nikaanza kulia. Na weye ulikuwa tu unafanya 'waaaa'."