Bhanu na Kamba ya Susu

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Bhanu ni kidole gumba cha mguu wake wa kulia. Kilikuwa kimefungwa kamba. Nilikuwa nimemsindikiza shangazi yangu Wanjugu, jirani yake hapa Muthangari, kumpelekea maparachichi, nikamkuta bibi wa miaka sitini na minane ameketi sofani, anachambua dengu, huku mguu wake ukienda mbele na nyuma kana kwamba una mwenyewe mwingine. Nikadhani ni maradhi. Nikaweka uso wa huruma.

"Wacha hiyo sura," shangazi akaniambia. "Huyo anaendesha mjukuu kwa rimoti."

Upande wa pili wa kamba palikuwa na susu, kitambaa kizito kilichoning'inizwa kwenye fremu ya chuma. Ndani yake alilala Veer, mwenye umri wa mwaka mmoja na kidogo, mnono kama mwenyekiti wa chama. Kamba ikivutwa, susu linabembea. Ikiachwa, Veer hufungua jicho moja, kisha mdomo wote.

Bhanu alizaliwa Ngara, akaolewa katika duka la sari pale Biashara Street. Alipojifungua Chetan, mwanawe wa pekee, mama mkwe wake alimpa zawadi mbili: bangili za dhahabu na kamba. Bangili ziliibwa. Susu likawekwa nyuma ya kaunta, na kwa miaka mingi Bhanu alipima vitambaa kwa mikono, akabishania bei kwa mdomo, na kwa mguu akalaza watoto: wake, wa shemeji zake, hata wa wateja waliotaka kujaribu blauzi kwa utulivu. Mumewe aliaga dunia, duka likageuka la kuuza vifuniko vya simu, lakini mguu haukustaafu.

Shida ni kwamba Bhanu anapenda kucheza ngoma. Kila mwaka Wagujarati husherehekea Navratri, wakimchezea mungu wao wa kike, Mata, kwa usiku tisa mfululizo, na Bhanu amecheza katika ukumbi wa Parklands tangu usichanani. Mwaka jana Veer alikuwa mchanga, akazikosa zote tisa. Alisikiliza ngoma kwenye simu ya dada yake, mguu ukiwa kambani. Mwaka huu daktari ameyapapasa magoti yake na kusema yamebakiza msimu mmoja, labda. Veer hulala saa moja jioni, ngoma huanza saa mbili, na mguu wa nyanya usipokuwepo, mtoto halali.

"Mata alipigana usiku tisa na jitu lenye kichwa cha nyati," Bhanu alimlalamikia shangazi. "Nani alimshikia mtoto? Vitabu vimenyamaza!"

"Si ana mikono kumi? Angeshika mwenyewe."

"Mikono, ndiyo, Mama Kiragu. Lakini miguu ni miwili tu, kama yangu."

Aliyeleta suluhisho ni Riddhi, mke wa Chetan. Riddhi ni daktari wa meno, kwa hiyo amezoea kuwaambia watu kwamba hawatasikia uchungu.

"Mami, tumfundishe kulala mwenyewe. Polepole, bila kumliza. Mbembeze mpaka alegee, halafu acha kabla usingizi haujamchukua. Akinung'unika, mguse kifua tu. Akizoea, tunasogeza kiti chako kidogo kuelekea mlangoni."

"Na nikifika mlangoni?"

"Unatoka. Unaenda kucheza."

Shangazi alicheka. "Kulala nako kunafundishwa? Mimi wangu niliwafunga mgongoni nikalima viazi. Walilala wapende wasipende."

"Ndiyo maana Kiragu wako mpaka leo anasinzia akisimama," Bhanu akamjibu, kisha akakubali masharti yote bila kubishana. Kwa mtu aliyeishi kwa kubishania bei, hiyo ingetosha kututia shaka.

Mambo yalikwenda vizuri mno. Kiti kilisogea, Veer akalala. Kikafika mlangoni, akalala. Kikatoka hadi koridoni, kikaingia jikoni, na mtoto bado kimya. Riddhi aliwasimulia wagonjwa wake wote, nao, midomo ikiwa wazi, hawakuweza kumpinga.

Halafu Jumamosi moja alasiri, mimi, shangazi na Bhanu tukinywa chai jikoni, Riddhi akapita koridoni na rundo la taulo. Tukasikia kishindo. Tulipochungulia, alikuwa chini, taulo kila mahali, na kifundoni mwake amenaswa na kamba ya gaguro, ile sketi ya ndani inayovaliwa chini ya sari.

Bhanu alikuwa ameunga kamba. Kila kiti kiliposogea, aling'oa uzi kwenye gaguro jingine na kuufunga kwenye ule wa jana. Mstari ulipita chini ya zulia, ukafuata ukuta, ukaishia chini ya meza ya jikoni, kidoleni.

Riddhi alisema maneno kwa Kigujarati, kisha akarudi kwenye Kiswahili ili sisi wageni tuwe mashahidi. "Mami! Umekuwa ukinidanganya!"

"Ulisema kiti kisogee. Kiti kimesogea."

"Na mguu?"

"Mguu hukuutaja."

Chai ilimtoka shangazi puani. Riddhi, kwa hasira, akaanza kuivuta ile kamba ya upande wa chumbani. Ilikuja bila ubishi. Ilikuja yote, fundo baada ya fundo, mpaka ncha ya mwisho ikatokea ikiburuta vumbi. Haikuwa imefungwa popote.

Tukaenda kwa ncha za vidole kuchungulia. Susu lilikuwa limetulia tuli, na Veer ndani yake anakoroma.

"Ilifunguka lini?" Riddhi akanong'ona.

Bhanu aliitazama kamba. "Tangu juzi niliisikia nyepesi. Nikasema mguu umepata nguvu."

Akarudi jikoni, akaketi. Tulimtarajia ashangilie, lakini macho yalikuwa yamelowa. "Mjeuri huyu. Ukoo mzima nimeulaza mimi. Yeye amejilaza bila hata kuaga."

"Si ulitaka kwenda kucheza?" shangazi akamuuliza.

"Nilitaka kwenda. Sikutaka aniruhusu."

Jioni hiyo alimlaza mguu ukiwa mtupu. Akamgusa kifua, akatoka. Veer alilalamika kama mpangaji aliyekatiwa maji. Bhanu akarudi, akamgusa tena, akamwimbia nusu ya wimbo, akatoka. Ikawa hivyo mara kadhaa, mpaka kukawa kimya. Jioni zilizofuata malalamiko yalipungua, na nusu ya wimbo ikawa robo. Lililobaki ni moja tu: Veer hajawahi kulala Bhanu akiwa nje ya nyumba. Hilo tutalijua leo, maana leo ndiyo ngoma ya kwanza.

Tangu chakula cha mchana Bhanu amevaa sketi yake iliyoshonewa vioo na raba nyeupe. Yuko uani anamfundisha shangazi kugonganisha vijiti kama wachezavyo ukumbini, ila kwa miiko miwili ya ugali.

"Kulia, Mama Kiragu! Kulia! Hiyo ni kushoto!"

"Kwetu hii ndiyo kulia!"

Chetan ameahidi kuleta gari saa moja na nusu. Sasa ni saa kumi, na mama yake amempigia simu mara mbili kumuuliza kama ameweka mafuta.