Chale Tatu za Mtasema

Mwezi uliopita nilimpeleka mbwa wa mjukuu wangu kwa daktari wa mifugo hapa Tanga. Ni kitoto cha mbwa bado, kina masikio makubwa kuliko akili. Daktari, kijana mpole aliyenipa shikamoo mara mbili, alichukua sindano nene na kumwingizia chini ya ngozi ya shingo kidude kidogo kama punje ya mchele. Kisha akapitisha mashine mgongoni, namba ndefu ikatokea. "Huyu sasa hata akipotea, mama, atajulikana ni wa nani," akasema. "Na hii haitoki mpaka anakufa."

Mimi nilikuwa nimeshamgeuza mbwa chali pale mezani, kidole changu kinapapasa paja lake la nyuma, upande wa ndani. Daktari akaniuliza kama natafuta kupe. Nikasema ndiyo. Nilimdanganya, rafiki yangu, sikuwa natafuta kupe.

Tangu siku ile sikutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta ufunguo ambao nimeushika mkononi. Mwisho nikapanda basi mpaka Mombo, na kutoka Mombo nikaupanda mlima. Nilichokikuta huko nitakueleza, lakini kwanza nikupe habari ya Mtasema, maana bila yeye hutaelewa mwanamke wa umri wangu alikuwa anatafuta nini kwenye paja la mbwa.

Nililelewa na bibi mzaa mama, katika kijiji kimoja cha mlima huohuo, juu ya Kwai. Asubuhi za kule ukungu uliingia mpaka jikoni, ukachanganyika na moshi, tukanywa uji bila kuonana vizuri nyuso. Kazi hazikuwa na mwisho. Kuteka maji, kukata majani ya ng'ombe, kuokota kuni za miti ya miwati, kuchuma matunda ya fyulisi kabla ndege hawajayamaliza. Bibi alinituma mahali, mimi nikapita mahali pengine kwanza. Aliniita kiguu na njia. Nilitumwa chumvi kwa jirani, nikarudi jua limegeuka, miguu imejaa matope ya mto ambao haukuwa njiani kabisa.

Mtasema naye alikuwa vilevile. Alikuwa mbwa mwekundu mwenye kifua cheupe, kama nusu ya mbwa wote wa milima ile. Jina lake alilipata kabla hajafumbua macho. Wanawake wa kisimani walikuwa wameuliza mjane anataka mbwa wa nini, nyumba yenyewe haina cha kuibwa.  Bibi alimchukua mbwa, akamwita Mtasema, na kila jioni akasimama ukingoni mwa shamba akimwita kwa sauti iliyovuka bonde na kufika kwao wote.

Siku hizo kila nyumba ilikuwa na mkato wake katika sikio la kushoto la mbwa, mkato uleule wa mbuzi wake. Wa kwetu ulikuwa mapengo mawili karibu na ncha. Mbwa wa kule walizurura sana. Walifuata nguruwe msituni, wakafuata watu waliopeleka matunda Mombo, wakasahau njia ya kurudi. Aliyemwokota mbwa alimshika sikio, akasema, "Aa, huyu ni wa kwa fulani," akamlisha mpaka mwenyewe apate habari. Hakuna aliyehitaji karatasi. Mimi niliyajua masikio ya kijiji kizima kabla sijajua kusoma.

Kisha ukaja Ujamaa, tukafungua shamba la kijiji kule mteremko wa chini, mahindi na maharage. Nguruwe mwitu walilifurahia kuliko sisi. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mwema mwenye haraka, akaita mkutano. Akasema shamba ni moja, basi na mbwa wawe wamoja, wakae kule chini na walinzi. Na ili kusiwe na mbwa wangu na mbwa wako, kila mbwa akatwe ncha ya sikio la kushoto. Alama moja ya kijiji kizima. Watu wakapiga makofi. Ilikuwa baada ya kufika nyumbani ndipo walipokumbuka kwamba mikato yao ilikuwa kwenye ncha ileile.

Bibi hakupiga makofi. Alirudi akiwa amekunja kanga mikononi kama anayeikamua maji. Unajua, bibi alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mjomba wangu, aliyeteremka kwenda mashamba ya mkonge kabla mimi sijazaliwa, asirudi. Bibi aliwahi kwenda kumtafuta, akipita kambi kwa kambi. Watu walimuuliza mwanawe yukoje. Akasema mrefu, mweusi, anacheka sana. Wakamwambia, "Mama, hapa wote wako hivyo." Aliisimulia habari hiyo mara chache, na kila akiisimulia aliinuka kabla haijaisha, akaenda kufanya kazi ambayo tayari ilikuwa imefanyika.

Alasiri hiyo, siku moja kabla ya mbwa kukatwa, alifunga mlango wa jikoni. Alikuwa na wembe mpya, masizi aliyoyakwangua chini ya chungu, na mafuta ya nyonyo. Nikamshikia Mtasema miguu. Akamchanja chale tatu fupi ndani ya paja, mahali pasipo na manyoya, akasugua masizi yaliyochanganywa na mafuta. Nikauliza kwa nini tatu. Akasema, "Mafiga ni mangapi?" Nikayatazama yale mawe matatu ya jikoni yaliyoshika chungu chetu. 

Nilichoomba baada ya hapo kilikuwa kibaya zaidi. Nikasema, "Na mimi."

Bibi akacheka, kisha akaacha kucheka. Alikuwa mtu wa kanisa, mwimbaji, mpambaji wa madhabahu. Kuchanja chale kanisani kwetu kulikuwa mambo ya kizamani, mambo ya waganga, na mimi nilikuwa mtoto niliyebatizwa. Aliufuta wembe kwa upindo wa kanga. Halafu akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye nyumbani hakuongea ila Kishambaa, "Wewe na huyu mbwa, sijui nani anazurura zaidi." Akaniinua mkono wa kushoto, akanichanja chale tatu karibu na kwapa. Zilichoma kama pilipili. Akaniambia, "Hii ni ya sisi watatu. Asiione mtu."

Ukapita mwaka mzima Mtasema akiwa kule shambani. Nilikatazwa kwenda, kwa hiyo nilikwenda. Siku nyingine aliniona akaja mbio, siku nyingine aliniangalia tu akarudi kwa mlinzi wao, kwa sababu mlinzi ndiye aliyekuwa na ugali. Mlinzi mwenyewe alikuwa jirani yetu, tena mzee wa kanisa, mtu mkimya aliyekuwa na mbwa aliyezaliwa tumbo moja na Mtasema. Mwekundu, kifua cheupe. Ukiwaona wamelala pamoja, sikio la kushoto limekatwa, usingejua mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi.

Nguruwe akamuua mmoja wao.

Mwezi huohuo mpango wa mbwa ukavunjika, kila mtu akaambiwa amchukue wake. Sasa hebu fikiria uwanja wa ofisi ya kijiji siku hiyo. Mbwa wote masikio yako sawa, watu wanayashika na kuyaachia, wanacheka, wengine hawacheki. Wengi walipatana. Ilipofika zamu yetu alibaki mbwa mmoja mwekundu na nyumba mbili. Mimi nilishindwa kusimama mahali pamoja.

"Shikamoo, mama," jirani alimsalimu bibi kwanza, kwa heshima. "Aliyekufa ni wako. Mimi nimewalisha wote wawili mwaka mzima, nawajua."

Hakuwa mwongo. Nataka ulijue hilo. Aliamini alichokisema, na mbwa alikuwa amekaa miguuni pake.

Mwenyekiti akalishika lile sikio, akalitazama, akaliachia taratibu. "Nani ana alama nyingine?" akauliza, safari hii kwa sauti ndogo.

Nikamtazama bibi. Alikuwa anaitazama milima. "Mchukue, baba," akamwambia jirani. "Ni wako."

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Wangu haukuwa hata na nyama ya kuuzuia. "Si wake," nikasema. "Mgeuzeni." Sikungoja mtu, nilimgeuza mwenyewe, nikawaonyesha zile chale. Jirani akainama, akazitazama. Akasema, bila ubaya wowote, "Mjukuu wangu, hiyo ni miiba. Kule porini miiba ni mingi."

Ningeweza kunyamaza hapo. Nimeurudia uwanja ule mara nyingi maishani, nikiwa jikoni, nikiwa darasani mbele ya wanafunzi wangu, na kila mara najiambia nyamaza, na kila mara yule mtoto anainua mkono. Nilivuta gauni begani, nikawaonyesha watu wote kwapa langu. Chale tatu, urefu uleule, masizi yaleyale. "Na hii ni miiba?" nikauliza.

 Jirani alizitazama zangu, kisha za mbwa, kisha akamtazama bibi, na uso wake ukawa wa mtu aliyepewa mzigo ambao hakuuomba.

"Mama, mtoto huyu si amebatizwa?"

"Amebatizwa, baba. Ulikuwepo."

"Na hizi ni nini?"

"Ni chale," bibi akasema. "Si unaziona."

Tulirudi nyumbani na mbwa wetu. Njiani nilingoja kupigwa, nikatamani kupigwa. Bibi alitembea mbele bila kugeuka. Tulipofika ukingoni mwa shamba akasema tu, "Umempata mbwa wako. Mpe maji."

Jirani alilazimika kusema kanisani, na alisema. Bibi akatengwa na meza ya Bwana. Kama hukulelewa huko hutaelewa kutengwa ni kitu gani. Hukufukuzwa kanisani, ila ulihama kutoka benchi lako la mbele na kukaa la mwisho, karibu na mlango, na wenzako walipokwenda madhabahuni wewe ulibaki umekaa, kila mtu akirudi anakupita. Bibi alizoea kuwaambia watu majuto ni mjukuu, na wengine wakaanza kunitazama mimi aliposema hivyo. Akaacha kusema.

Ili arudishwe ilimpasa asimame atubu mbele ya usharika. Alisimama Jumapili moja, amevaa kanga zake mpya. Akasema, "Kwa mbwa, najuta. Kwa mtoto sijuti. Watoto wanapotea." Akakaa. Mchungaji alifungua kitabu cha nyimbo, akakifunga, akakifungua tena. Bibi akabaki benchi la mwisho.

Kitu kimoja tu kilinituliza, na hicho nacho kiliniuma. Mtasema alizoea kutungoja nje ya kanisa. Bibi alipohamia mlangoni, mbwa aliingiza pua tu, akailaza juu ya miguu ya bibi mpaka mwisho wa ibada, wala hakuna aliyemfukuza. Asubuhi siku za kazi alikwenda kwanza kwa jirani kula, kisha akarudi kwetu kulala. Jirani hakuacha kumwekea. Nadhani ndiyo njia aliyoipata ya kuongea na sisi.

Nilikwenda shule ya bweni, kisha chuo cha ualimu, kisha huku na huku, kiguu na njia nisiyekoma. Mwaka wangu wa kwanza bwenini nilipata barua ya bibi, aliyoandikiwa na mtu. Ilisema hajambo, mahindi yamekomaa, amekuja mchungaji mpya, na Jumapili iliyopita amekula meza ya Bwana. Chini kabisa ilisema Mtasema alitoka siku saba zilizopita hajarudi, na kwamba yeye bibi aliteremka mwenyewe mpaka Mombo kumuulizia. Safari hii alikuwa na alama ya kuwaambia. Watu wa barabarani walimshangaa, mwanamke mzee anayewaomba wawageuze mbwa chali. Hakumpata.

Naye bibi alifariki nikiwa kazini mbali. Nilifika kaburi limeshafunikwa.

Basi wiki ile baada ya daktari wa mbwa nilifika pale kwetu. Nilipotea mara mbili njiani, mimi niliyezijua njia zile kwa nyayo. Kanisa wamelijenga upya. Nyumba haipo, jiko halipo, ni kabichi tupu, mistari kwa mistari, nzuri kweli. Niliingia katikati yake nikitazama chini, nikitafuta mawe matatu. Mawe yalikuwepo mengi, yamerundikwa ukingoni, na sikujua ni yapi.

Kijana aliyekuwa akimwagilia akaacha kazi, akanijia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Unatafuta kwa nani?"

Mkono wangu ulikuwa umeshaingia chini ya kwapa, juu ya gauni, mahali pale. Chale zimefifia, ngozi imelegea, lakini kidole bado kinazipata. Nikamtajia jina la bibi yangu. Akafikiri kidogo, akatazama bondeni, akatikisa kichwa. Hakulijua.