Mama Anayelipwa Asigeuze Shingo

Saa tatu asubuhi, katika chumba cha kusubiri cha idara ya saikolojia, watu watatu wamekaa kwenye viti vya plastiki. Mlango wa stoo, ulio kwenye kona, unagongwa kutoka ndani.

Mara ya kwanza unagongwa polepole, kisha kwa nguvu. Halafu inasikika sauti ya mwanamume, ya chini, kama ya mtu aliyeishiwa pumzi: "Jamani... nifungulieni."

Binti wa mwaka wa kwanza, aliyejifunga mtandio wa kijani, anainua kichwa. Haangalii mlango. Anamwangalia mama wa makamo aliyekaa mkabala naye, ambaye anafunua ukurasa wa gazeti kana kwamba kilichogonga ni upepo. Binti anainama, anarudi kwenye simu yake.

Mlango unagongwa tena. Hakuna anayenyanyuka.

Upande wa pili wa ukuta, nyuma ya kioo kinachomwezesha mtu kuona bila kuonekana, mhadhiri anazima spika. Ndani ya stoo hamna mtu. Hamjawahi kuwa na mtu.

Mama mwenye gazeti wanafunzi humwita Bi Kimya. Kazi yake, huu mwaka wa pili, ni kukaa na kutosikia. Zamani alikuwa mhudumu wa mapokezi kwenye zahanati, na huko ndiko alikozoea kutobabaika hata mgonjwa apige yowe la namna gani. Zahanati ilipofungwa, jirani alimdokeza kwamba chuoni wanatafuta watu wasioshtuka ovyo.

"Nilicheka mpaka basi," anasema. "Kukaa nako ni kazi? Kumbe heri kubeba zege. Mtu anakuomba msaada mgongoni kwako, na wewe shingo iko palepale."

Mwenzake, aliyekaa kiti cha tatu, ni dereva mstaafu wa malori. Sauti inayotoka stoo ni yake. Ilirekodiwa siku alipoajiriwa. Kila asubuhi hukaa akijisikiliza anavyolia.

"Siku ya kwanza nusura niinuke nikajifungulie," anasema. Anacheka, lakini kicheko kinakatikia njiani.

Mhadhiri anaeleza kwamba mwanafunzi akiwa peke yake chumbani, mara nyingi huinuka akaenda mlangoni. Akiwekwa na watu wawili wasiojali, wengi hubaki vitini.

"Si roho mbaya," anasema. "Mtu asipokuwa na hakika, hulitafuta jibu kwenye nyuso za wenzake. Wenzake nao wanalitafuta kwake. Kila mmoja anaungua ndani, na kila mmoja anaonekana ametulia. Basi wote wanaamini hakuna jambo."

Jaribio likiisha, mwanafunzi huambiwa ukweli wote. Binti wa leo analia kwa kwikwi.

"Nilimsikia kabisa," anasema. "Nikajiambia, ikiwa mama mtu mzima hashtuki, mimi ni nani?"

Bi Kimya anamshika mkono. "Usijilaumu, mwanangu. Yamenikuta mimi ninayeijua siri yenyewe."

Yalimkuta nyumbani, Jumamosi moja mchana. Alikuwa sebuleni akichambua mchele kwenye ungo. Mjukuu wake wa miaka sita alikuwa amelala kifudifudi sakafuni akichora. Mumewe, fundi rangi aliyestaafu, alikuwa bafuni.

Kikasikika kishindo. Kisha mlango wa bafu ukaanza kugongwa kutoka ndani.

"Nilisikia," anasema Bi Kimya. Macho yake yako kwenye mikono yake. "Nisidanganye kwamba sikusikia. Nilijua ni yeye, na nilijua ameanguka. Lakini mwili ukatulia, tuli, kama maji ya mtungini. Mikono ikaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Nikawa najiangalia kama ninavyoangaliwa kule kiooni."

Mumewe aligonga kwa kopo la kuogea. Akaita. Sauti ikazidi kufifia.

Aliyewakuta ni mama mshonaji wa nyumba ya pili, ambaye kelele zile zilimfikia ukutani. Aliingia bila hodi.

"Nilikuta bibi na mjukuu wamekaa kama picha," anasimulia. "Mzee anagonga, wao kimya. Nywele zilinisimama. Nikamshika bega nikapiga kelele: 'Dada! Wewe! Husikii mumeo?' Hapo ndipo alipozinduka. Alirusha ungo, mchele wote chini, akauvamia mlango kwa bega."

Mzee alikuwa amevunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, na sasa anatembea kwa magongo. Daktari alisema angechelewa zaidi pale kwenye sakafu yenye maji, wangekuwa wanazungumza mengine.

Lakini kinachomnyima Bi Kimya raha si nyonga. Ni jibu alilopewa na mjukuu wake alipomuuliza kwa nini hakumshtua.

"Nilikuangalia, bibi," mtoto alisema. "Nikaona hakuna kitu."

Mumewe hajawahi kumlaumu hata kwa neno moja. Ila siku hizi hafungi mlango wa bafu. Na mara nyingine, wakiwa wameketi salama, chakula kiko mezani, mzee hugonga meza kwa kifundo cha kidole. Hahitaji kitu. Bi Kimya huruka kitini kabla hajajua ameruka. Mzee humtazama, hutikisa kichwa taratibu, kisha huendelea kula.

"Namwelewa," anasema Bi Kimya. "Anapima kama nipo."

Baada ya ajali alikaa nyumbani. Mhadhiri alikwenda kumwomba radhi na kumwambia aache kazi, akitaka. Alikataa. Alirudi kulimalizia kundi la wanafunzi lililobaki, kwa sharti moja: kuanzia Jumatatu hatakaa tena. Atakuwa yule anayeinuka wa kwanza. Mhadhiri anamhitaji kwa hilo pia, maana anataka kuona kama mtu mmoja akisimama, wengine watamfuata.

"Miguu niliyoifundisha kukaa, nitaifundisha kusimama," anasema. "Naomba tu ikubali."

Nyumbani ameshaanza. Jioni, akiwa amempakata mjukuu wake kibarazani, humrudia somo moja.

"Ukisikia mtu anagonga, unafanya nini?"

"Naenda. Napiga kelele."

"Hata kama bibi amekaa?"

Mtoto anafikiri. "Hata kama wewe hujainuka?"

"Hasa kama mimi sijainuka."

Mtoto anaitikia kwa kichwa. Lakini kabla ya kuitikia, anamtazama kwanza bibi yake usoni.