Mawaridi ya Kumuaga Bosi

Jumanne nilikuwa kwenye ofisi moja ya serikali hapa Morogoro, nikafika siku ambayo bosi wao anaagwa kwa kustaafu. Mlangoni pana mawaridi mafupi, hayazidi goti. Mtunza bustani, mzee mmoja wa Mgeta, ameyalea kwa samadi ya mbuzi na maji ya ndoo tangu yakiwa vijiti.

Katibu muhtasi alitoka na mkasi.

"Shikamoo mzee. Tukatie maua, ya bosi."

"Marahaba. Hata matumba?"

"Yote."

Mzee akachuchumaa. Alikata kila kikonyo kwa mshazari, juu kidogo ya jani, ili mti uchipue tena. Kisha akafuta mkasi kwa shati lake, akaurudisha kwa mikono miwili.

Ukumbini bosi alipokea shada, akalinusa, akamgeukia katibu muhtasi: "Binti huyu ana mkono wa kulea maua!" Tukapiga makofi, na mimi nikiwemo. Dirishani nilimwona mzee akifagia majani.

Wakati wa kutoka nikamwambia, "Mzee, hawakukutaja."

"Na mimi nastaafu," akanijibu. "Ijumaa ndiyo siku yangu ya mwisho."

"Kwani hawajui?"

Akaacha kufagia, akaniangalia. "Barua yangu kasaini bosi mwenyewe, mwanangu."

Huwa nawasema sana wakubwa katika safu hii. Ijumaa ilipofika nilikuwa hapa hapa mjini, sina kazi yoyote ya maana, na sikwenda kumuaga.