Chawa Aliyepanga Kichwani kwa Yasmini

Bi Semeni wa Mohoro ni msusi, na mtoto akimkalia mkekani lazima asikie mashairi ya wadudu. Alizaliwa visiwani, kwenye mikoko, ambako mama yake alikuwa akiwatungia mbu matusi ya vina ili wanawe wacheke badala ya kulia. Alipoolewa Mohoro akaja na mdomo uleule. Mkono wake ukiumiza, ulimi unabembeleza.

Siku moja baada ya adhuhuri jirani yake, Zuhra, alimleta bintiye Yasmini, kamfunika ushungi hadi kwenye nyusi. Mkononi alishika wembe.

"Mnyoe, mama. Ana chawa. Darasani hakuna anayetaka kukaa naye."

Yasmini alikuwa analia bila sauti.

"Wembe haukimbii," akasema Bi Semeni. "Niachie mtoto mpaka alasiri."

Zuhra alipoondoka, bibi akampaka mtoto mafuta ya nazi, akatwaa kitana chenye meno yaliyobanana, akaanza kumchana polepole. Kisha akaghani:

*Chawa kapanga kichwani, kodi hataki kulipa,*
*Kajilaza utosini, kanenepa kama papa,*
*Kitana kiko njiani, sasa chawa anaapa:*
*"Kesho nahama jamani, nisamehe leo hapa."*

Yasmini akafuta machozi. "Bibi, kanenepa kama papa kweli?"

"Huyu niliyemshika ni dagaa. Papa bado namtafuta."

Mtoto akacheka, akataka arudiwe, tena na tena, mpaka akalishika shairi lote. Kicheko hicho kikamvuta Faraja, mwanafunzi mwenzake aliyekuwa amelihama dawati lao kwa kuogopa chawa. Akasimama kizingitini, anajikuna.

"Shikamoo bibi. Na mimi nitazame."

Bi Semeni alimwangalia Yasmini. Yasmini akasogea, akampisha mkekani.

Zuhra aliporudi alikuta vichwa viwili vinang'aa mafuta na watoto wanaimba. Akaona haya. "Mtaa mzima utasikia, mama."

"Waache wasikie. Nao wana vichwa."

Chawa hawakuisha siku hiyo, ila nywele zilibaki, na dawati likapata watu wake.

Sasa Yasmini huja hata kama hasukwi. Jana kaleta shairi la kwake: "Mende kaenda harusini, kaogelea mchuzini." Bi Semeni akahesabu mizani kwa vidole, akaona imezidi. Akauliza tu mende huyo alialikwa na nani, na Yasmini akakaa chini kufikiri.